Bashi ya kuvutwa: umbo lake halichorwi, linahesabiwa

Kaka mmoja wa Bukavu anayesomea ujenzi ameniuliza hivi: "Mzee, tunataka kufunika kiwanja cha kanisa letu, mita 12 kwa 12, kwa bashi (turubai) ya kuvutwa, bila mbao na mabati. Nimechora ku kompyuta umbo zuri lenye mapindo, nguzo nne kwenye pembe, zote mita 4. Enjeniere mmoja kaangalia akasema umbo hilo halisimami, hakueleza zaidi. Kompyuta inatafutaje umbo la kitu kama hiki, na mimi nijifunze njia gani?"

Mdogo wangu, huyo enjeniere amekuambia ukweli, nami nataka upate na sababu. Ukuta wa beto unaweza kuuchora unavyotaka halafu ukatafuta vyuma vya kuushikilia. Bashi hapana. Bashi haiwezi kusukumwa wala kukataa kupinda, inajua kazi moja tu, kuvutwa, kwa hiyo kila mahali pake nguvu za kuvuta lazima zilingane pande zote, na umbo njo matokeo ya huo ulinganifu. Wewe hauchagui umbo. Unachagua pembe zikae wapi, kingo zishikwe na nini, upande gani uvutwe kuliko mwingine, basi umbo linatoka. Ukichora kwanza halafu ukalazimisha, kitambaa kitajitafutia umbo lake chenyewe siku ya kukifunga, na pale mchoro wako ulipokosana na nguvu utaona makunyanzi, na upepo ukija hapo njo patakapopigapiga mpaka pachanike.

Sheria yenyewe ni fupi. Chukua kipande kidogo cha bashi, pima mkazo wa upande mmoja gawanya kwa nusu kipenyo cha mpindo wa upande huo (yaani cha duara ambalo mpindo ni kipande chake), fanya vilevile upande unaokatiza, jumla yake lazima iwe sawa na presha inayosukuma hapo. Kama hakuna upepo wala mvua presha ni sifuri, maana yake mpindo mmoja uangalie juu na mwingine uangalie chini, umbo la tandiko la farasi, ama bashi iwe bapa kabisa. Hakuna njia ya tatu. Sasa angalia nguzo zako, zote mita 4: pembe nne ziko kwenye usawa mmoja, kwa hiyo hata uvute namna gani umbo litakalotoka ni bapa. Yale mapindo uliyochora hayana kitu cha kuyashika.

Na bapa ni mbaya sana, niko serious. Mkazo unaohitajika ni presha mara nusu kipenyo cha mpindo. Hewa yetu huku Kivu, karibu mita 1,500 juu ya bahari, ni nyepesi kidogo, karibu kilo 1 kwa mita ya ujazo badala ya 1.2 ya pwani, upepo wa mita 30 kwa sekunde unatoa presha ya karibu 0.45 kN (kilonyutoni, 1 kN ni kama uzito wa kilo 100) kwa mita ya mraba. Bashi yako ya mita 12 ikiwa bapa ikainuliwa sentimita 18, nusu kipenyo inakuwa mita 100, mkazo 45 kN kwa kila mita ya upana. Membrani (kitambaa cha bashi ya ujenzi) ya poliesta yenye PVC ya daraja la chini inakatika kwenye 60 kN kwa mita hivi, na wajenzi wa hizi kazi huwa wanagawanya kwa 5 ili kulala vizuri, yaani unaruhusiwa 12. Umepita mbali. Na mvua tena: bashi bapa ikibonyea kidogo maji yanakaa, maji ya sentimita 10 ni kilo 100 kwa kila mita ya mraba, yanaibonyeza zaidi, yanaingia mengine, na unajua mvua ya Bukavu haisubiri.

Sasa inua nguzo mbili zinazotazamana kwa ulalo ziwe mita 5, hizo mbili nyingine ziwe mita 2 (mita 2 ni chini kwa watu kupita, lakini tuiache hivyo hesabu iwe rahisi). Ulalo wa kiwanja ni karibu mita 17 na katikati itakaa mita 3.5, kwa hiyo nusu kipenyo inashuka mpaka mita 24 na mkazo wa upepo uleule unakuwa karibu 11 kN kwa mita. Kitambaa kilekile, kiwanja kilekile, tofauti ni urefu wa nguzo tu.

Tuje kwenye swali lako lenyewe. Kabla ya kompyuta watu walitumia utando wa sabuni. Msanifu majengo Frei Otto wa Ujerumani alikuwa anatumbukiza fremu za waya kwenye maji ya sabuni na kupiga picha, kwa sababu utando wa sabuni una mkazo sawa kila mahali na unajivuta mpaka eneo lake liwe dogo kabisa, njo umbo ambalo bashi inalitamani. Shida ikaja na kazi kubwa. Paa la michezo ya Olimpiki ya Munich ya 1972 (lile ni wavu wa kebo wenye macho ya sentimita 75 uliofunikwa na akriliki, lakini hesabu ni ileile) walilipima kwa modeli ndogo, na ukipima modeli ya 1:125 ukakosea milimita 1, kwenye kiwanja umekosea sentimita 12 na nusu. Kebo haikatwi hivyo. Hapo njo Klaus Linkwitz na Hans-Jörg Schek wa chuo kikuu cha Stuttgart walitoa njia ya msongamano wa nguvu, Schek akaichapisha kamili 1974. Mimi nakushauri uanze na hiyo, naipenda kuliko zote, na nitakuonyesha kwa nini.

Unageuza bashi kuwa wavu wa kamba, zinazokutana kwenye mafundo. Kila kamba ina nguvu na ina urefu. Ukiandika milinganyo ya usawa wa kila fundo inakuwa migumu kwa sababu urefu haujulikani mpaka ujue umbo, na umbo halijulikani mpaka ujue urefu. Wale wakasema: tusichague nguvu, tuchague nguvu gawanya kwa urefu, tuiite q. Ukishaweka q kwa kila kamba, ule ugumu wote unapotea, milinganyo inanyooka, na maana yake ni hii: fundo linakaa kwenye wastani wa majirani zake, kila jirani akipimwa kwa q ya kamba yake. Hiyo tu! Na x, y, z zinahesabiwa kila moja peke yake.

Fanya na kalamu. Weka fundo moja katikati ya kiwanja chako, kamba nne mpaka kwenye pembe, q zote 0.5 kN kwa mita. Urefu wa z ni wastani wa 5, 5, 2 na 2, yaani 3.5. Kila kamba ina mita 8.6 hivi, nguvu yake 4.3 kN. Sasa kaza kamba za nguzo ndefu, q iwe 1, hizo za chini ziache kwenye 0.5. Wastani mpya: 5 mara mbili na tena 5 mara mbili, ongeza 2 na 2, ni 24, gawanya kwa 6, fundo limepanda mpaka mita 4 kamili. Nguvu juu ni 8.5 kN, chini 4.4. Hakikisha: kamba za juu zinanyanyua 1 mara mita 1 mara mbili, ni 2 kN, za chini zinashusha 0.5 mara mita 2 mara mbili, ni 2 kN. Sawasawa. Umeona umebadilisha umbo bila kuchora mstari wowote, umegusa nguvu tu. Na angalia kitu kingine, hakuna mahali tumeuliza bashi ni ya nini, inanyooka kiasi gani, unene gani. Kutafuta umbo hakuhitaji kujua material, hiyo inakuja baadaye, na wanafunzi wengi wanachanganya hizo hatua mbili.

Huna haja hata ya programu ya bei. Fungua Excel, chukua seli 13 kwa 13, kila seli ni fundo na katikati yao kuna mita 1. Kingo kwanza tuseme ni bomba za chuma zilizonyooka, jaza urefu wake kutoka 5 kushuka mpaka 2 kwa hatua za 0.25 kila upande. Ndani, kila seli andika =(B3+D3+C2+C4)/4 ukiwa C3, nakili kila mahali, halafu kwenye mipangilio ya fomula ruhusu hesabu za kujirudia, la sivyo Excel itakulalamikia kwamba seli zinazunguka. Bonyeza F9 mpaka namba zitulie. Katikati lazima upate 3.5, na ile seli iliyo mita 3 ndani kutoka nguzo ndefu, pande zote mbili, lazima upate 3.875. Ukipata namba zingine kuna fomula umekosea. Kwa kompyuta ndogo yenye betri ya saa moja wakati umeme umekatika, hiyo inatosha kabisa.

Lakini wewe hutaki bomba, unataka kingo za kebo, na hapa njo watu wengi wanaumia. Kebo ya kando haiwezi kunyooka, bashi inaivuta ndani, na nguvu yake ni mkazo wa bashi mara nusu kipenyo cha kingo. Ukitaka inyooke kabisa nguvu haina mwisho. Tuseme mkazo wa awali (wa kuifunga tu, kabla ya upepo) ni 2 kN kwa mita na kingo ina nusu kipenyo cha mita 12: kebo inabeba 24 kN na inaingia ndani mita 1.6 hivi katikati. Pande nne zote, bashi yako ya mita 144 za mraba inabaki na 90 na kitu tu. Zaidi ya theluthi moja imeliwa na kingo! Ukitumia nusu kipenyo cha mita 18 inaingia mita 1 tu, unabaki na karibu 110, lakini kebo sasa ni 36 kN. Hiyo biashara ya eneo na nguvu ongea na kamati ya kanisa mapema, juu wao wanahesabu viti.

Ku Excel kingo za kebo zinataka karatasi tatu, x, y na z, na mafundo ya kando yapate fomula yao. q ya kebo ukilinganisha na q ya ndani ni karibu nusu kipenyo gawanya kwa jicho la wavu: mita 12 na jicho la mita 1, uwiano 12. Fundo la kingo ya kushoto basi ni 12 mara jirani wa juu, 12 mara jirani wa chini, 1 mara jirani wa kulia, gawanya yote kwa 25. Ukiweka uwiano mdogo, tuseme 2, utaona bashi inakimbilia katikati na kuacha pembe kama masikio membamba, usishangae, ni majibu sahihi ya swali baya.

Kabla hatujaendelea, hesabu ya pembe, maana paa linaangukia hapo. Kwa ule mfano wa 24 kN kebo mbili zinakutana kwenye pembe zikiwa zimebanana kwa nyuzi (digrii) 30 hivi, jumla yake inavuta nguzo ndani kwa karibu 46 kN, bila upepo bado. Nguzo peke yake haiwezi, inataka kebo ya nyuma kwenda chini. Ikishuka kwa nyuzi 45 inabeba 65 kN na inang'oa nanga juu kwa 46, uzito wa karibu tani 4.7. Beto ina tani 2.4 kwa mita ya ujazo, unahitaji karibu mita 2 za ujazo kushikilia tu, na usalama ukiongeza nusu yake ni 3, kwa kila pembe. Hapa Goma tunaweza kutoboa jiwe la lava na kusimika chuma kwa saruji, mradi uhakikishe jiwe haliko na shimo chini yake, nyinyi Bukavu na ule udongo wa mfinyanzi wa kwenye miteremko itabidi mchimbe na kumwaga beto kweli. Nanga njo pesa ya mradi huu, hata kuliko bashi.

Turudi kwenye njia. Msongamano wa nguvu una kasoro yake: q sawa haimaanishi mkazo sawa, kamba ndefu inapata nguvu zaidi, kwa hiyo umbo linafuata pia namna ulivyopanga wavu. Dawa ni kurudia: pata umbo, pima urefu, weka q mpya ambayo ni nguvu unayoitaka gawanya kwa urefu ulioupata, hesabu tena. Mizunguko michache namba zinatulia. Ila kuna maumbo ambayo mkazo sawa kila mahali hauwezekani kabisa. Chukua pete mbili sawa zenye nusu kipenyo cha mita 2, moja juu ya nyingine: utando wa sabuni unakubali mpaka umbali wa mita 2.65 (ni 1.325 mara nusu kipenyo), ukizidisha hapo unakatika katikati, na programu yako nayo itabana kiuno mpaka ilipuke. Watu wanafikiri ni kosa la programu. Siyo, ni kwamba umbo halipo. Hema refu lenye umbo la pia (koni) linawezekana ukivuta zaidi kuelekea kileleni kuliko kuzunguka, na kwa kitambaa kilichofumwa hiyo ni kitu ya kawaida, mtande (nyuzi za urefu) unapewa mkazo wake na mshindio (nyuzi za upana) wake.

Njia ya pili kubwa ni rilaksesheni dinamiki, aliyeileta ni Alistair Day wa Uingereza mwaka 1965, halafu Michael Barnes akaikuza kwa ajili ya kebo na membrani. Hii haitatui milinganyo, inaacha wavu ucheze mpaka utulie. Kila fundo linapewa uzito wa kubuni, unahesabu nguvu iliyobaki juu yake, nguvu inampa kasi, kasi inamsogeza, unahesabu tena. Chukua lile fundo letu, q zote 0.5, liweke makusudi kwenye mita 3: nguvu iliyobaki ni 0.5 mara (2 + 2 − 1 − 1), yaani 1 kN kwenda juu. Litapanda, likifika 3.5 nguvu imeisha lakini kasi njo kubwa kabisa, litapitiliza. Ujanja ni kuangalia nishati mwendo ya wavu mzima, ikifika kilele na kuanza kushuka unafuta kasi zote ziwe sifuri, unaanza tena kutoka hapo, mpaka isibaki kitu cha kusogea. Ukiweka hatua ya muda kubwa kuliko uzito wa mafundo unavyoruhusu namba zinalipuka, ongeza uzito wa kubuni ama punguza hatua.

Faida yake inaonekana ukifika kwenye mizigo. Kamba ikilegea unaifuta nguvu yake na kuendelea, kebo ikiteleza kwenye kapi hakuna shida, na injini ileile iliyotafuta umbo inapokea upepo na mvua. Kuna familia ya tatu, ya elementi ndogondogo za uso wenyewe badala ya kamba, Bletzinger na Ramm waliipa njia nzuri mwaka 1999 ya kuzuia mafundo yasiteleze ovyo juu ya uso. Hiyo utaikuta ndani ya programu kubwa, iache kwa sasa.

Umbo likishapatikana njo sasa unaleta material: ugumu wa mtande na mshindio, unaweka upepo wa kunyanyua, upepo wa kusukuma, mvua, unaangalia kama mkazo unabaki chini ya ile 12, kama kuna sehemu inalegea, kama maji yana njia ya kushuka. Kama hapana, unarudi kwenye urefu wa nguzo na q, hauongezi unene wa bashi. Halafu patroni (vielelezo) za kukata kitambaa: uso wenye mipindo miwili haulali bapa bila kunyanzika, kwa hiyo unaugawa vipande virefu kufuata mistari mifupi zaidi juu ya uso, kila kimoja kisizidi upana wa roli ya kitambaa, unavilaza, na unavipunguza asilimia ndogo ili mafundi wakivuta vifikie urefu kamili. Hiyo asilimia inatoka kwenye kupima kitambaa chako mwenyewe kikivutwa pande mbili kwa pamoja, usichukue ya mtu mwingine. Na tafadhali usitumie shitingi za misaada, zile za mita 4 kwa 5, ni poliethilini, zinanyooka polepole chini ya mkazo na baada ya muda umbo lote limelegea. Bashi nzito ya lori yenye PVC inakaribia kitu unachohitaji, mradi mwuzaji akupe karatasi ya nguvu yake.

Kwa programu: ukijua Python (lugha ya kuandikia programu) kidogo, maktaba yake numpy na mistari 30 hivi inakupa msongamano wa nguvu wote, na kuna compas_fd ya watu wa chuo kikuu cha ETH Zürich, ya bure. Kangaroo ya Daniel Piker inapendeza kuangalia, unavuta fundo kwa panya na bashi inajibu, ila inakaa ndani ya Rhino, programu ya kuchora ambayo ni ya kulipia. Usianze nayo, utaona umbo zuri bila kujua nguvu iko wapi. Anza na Excel, nguzo za mita 5 na 2, kingo za uwiano 12 halafu 18, andika nguvu ya kila pembe. Ukizipata nitumie pamoja na picha ya udongo wa pale unapotaka kuchimba nanga na upande upepo wa ziwa unakotokea, tutaamua pembe ipi iwe ya juu.